Sinki lililozibwa na tenki la maji

Simu iliingia Jumamosi saa mbili asubuhi, katikati ya Julai 2024. Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mteja wangu wa siku nyingi. "Fundi, sinki limetapika tena." Nikamuuliza hilo "tena" ni mara ya ngapi. Akanyamaza, nikasikia anahesabu na mabinti zake, kisha akarudi: mara ya nne tangu Juni ianze. Na mwaka jana majira haya haya lilisumbua mara mbili, joto liliporudi likapona lenyewe.

Kwa maneno hayo nilijua kazi haitakuwa ya nusu saa. Sinki lililoziba kwa punje za wali au kipande cha stilwaya, ukilizibua vizuri linakaa mwaka na zaidi. Linaloziba kila wiki ya pili lina ugonjwa mahali pengine, na kila anayekuja kulizibua anampangusa jasho mgonjwa wa malaria. Tena sinki linaloumwa kipupwe na kupona kaskazi ni la kusikilizwa kwa makini, kwa sababu tayari limekwambia nusu ya habari.

Nilifika saa nne. Mama anapika vitumbua na sambusa za kuuza, karai liko jikoni tangu alfajiri, na tui la nazi linakamuliwa pale pale. Sinki ni la stili, bakuli moja, limejaa hadi nusu maji ya kijivu yenye macho ya mafuta juu. Harufu ya chemba ya maji taka imetawala jiko zima. Mende wawili wakubwa, wale wekundu, walikuwa wanatembea ukingoni mchana kweupe bila wasiwasi wowote. Mende wale niliwaweka akilini. Wa ukubwa ule kwao ni chemba, wakionekana jikoni ujue wamepata njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ona mwenyewe, mimi nimechoka."

"Pole sana. Kabla sijagusa, mara ya mwisho mmemwaga nini humu?"

"Ile dawa ya unga. Jana usiku."

Dawa ya unga maana yake kostiki soda, ile wanayopikia sabuni. Binti mkubwa akaongeza kwamba dawa iliposhindwa alimimina na jiki kidogo, kukata harufu. Nilishukuru hawakumalizia na asidi ya kusafishia vigae. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na jiko lenye dirisha moja si mahali pa kujaribia jambo hilo. Kostiki yenyewe huunguza ngozi, ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Swali la "mmemwaga nini" ndilo la kwanza kwangu siku zote, na nimeshawahi kupata malengelenge mkononi kwa kulisahau. Nikavaa glavu ndefu na miwani, nikaomba chombo cha kukingia chini ya sinki. Binti akaleta sufuria. Nikaikataa: kostiki hula aluminiamu na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka. Akaleta beseni la plastiki.

Lakini beseni lilisubiri kwanza. Nilivuta maji ya choo, yakaenda. Nikafungulia bafu, maji yakaenda. Nikatoka nje, tukafunua mfuniko wa chemba iliyo nyuma ya nyumba na dogo ninayefanya naye kazi. Choo kilikuwa kimepita vizuri, mfereji wa chini hauna maji yaliyotuama. Ila mdomo wa bomba la jikoni, unaoingilia upande wa kushoto, ulikuwa hautiririshi maji. Kwa hiyo shimo la maji taka halijajaa na chemba haijaziba. Ugonjwa uko kati ya sinki na ule mdomo, urefu wa mita 7 chini ya ua na kipande kifupi ukutani. Jirani alikuwa amekwisha kumshauri mama aite gari la kunyonya maji taka. Gari lingenyonya, wangelipa, na sinki lingebaki vile vile.

Ndipo nikainama chini ya sinki, nikapata jibu la mende. Hapakuwa na trapu, kile kipande cha mpindo au cha chupa kinachokaa chini ya sinki. Palikuwa na ule mpira mweupe wa kukunjakunja, umetoka kwenye tundu la sinki ukaingia moja kwa moja kwenye bomba la ukutani, na mahali ulipoingilia pamezungushiwa mfuko wa plastiki na silikoni. Mama akanieleza: fundi aliyekuja mara ya tatu alisema ile chupa ya chini ndiyo inayokamata uchafu, akaiondoa. Kwa siku kumi sinki lilikwenda vizuri, kisha harufu ikaanza, kisha mende, kisha likaziba tena.

Trapu inakamata uchafu, ni kweli. Lakini kazi yake hasa ni kushika maji. Ule mpindo, au ile chupa, hubaki na maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi baada ya sinki kuisha, na maji hayo ndiyo mlango kati ya jiko lako na chemba. Hewa chafu haipiti, mende hapiti. Mtengeneza saa mmoja Mskoti aliyekuwa London, Alexander Cumming, alipata hataza mwaka 1775 ya choo chenye bomba lililopindwa kama herufi S, na hadi leo hatujapata kitu rahisi zaidi ya hicho. Fundi anayeondoa trapu ili maji yaende haraka anafanana na anayeng'oa mlango kwa sababu bawaba zinalia. Na mpira wa kukunja wenyewe una mikunjo mingi kila mmoja ukisubiri punje yake ya wali.

Basi historia ya matibabu ilikuwa hivi. Mara ya kwanza kijana wa mtaani alisukuma na ule mpira wenye mpini wa kuzibulia vyoo, likafunguka. Mara ya pili mama alinunua kostiki mwenyewe, likafunguka. Mara ya tatu akaja fundi wa kung'oa trapu. Mara ya nne kostiki tena, safari hii haikufua dafu. Wote watatu walikaa jikoni. Hakuna aliyefunua chemba wala kuuliza bomba linapita wapi.

Nilitaka kujua kizibo kiko umbali gani kabla ya kuingiza kitu chochote. Njia yangu ni ya jagi la lita moja, na inataka bomba lililopumzika, maji yaliyomo yawe yamechuruzika polepole. Tukachota maji ya sinki, nikafungua ule mpira maji yaliyobaki yakamwagikia kwenye beseni, nikafunga kwa muda trapu niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Nikamwomba mama sinki lisiguswe hadi kesho, vyombo vioshewe uani. Hakufurahi, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya oda kubwa, ila alikubali.

Jumapili saa moja asubuhi nilianza kumimina. Jagi la kwanza, la pili, la tatu, yote yameshuka bila tatizo. La nne limeshuka. La tano lilipofika nusu, maji yakasimama kwenye tundu, yakapanda polepole. Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka kwenye trapu hadi chini ni bomba la inchi moja na nusu, kiasi cha sentimita 70, linabeba chini kidogo ya lita moja. Kuanzia hapo ni bomba la inchi 2, na bomba la inchi 2 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita. Lita nne na nusu, toa moja ya ukutani, zinabaki tatu na nusu. Kizibo kinaanza mita moja na robo tatu, tuseme mita 2, kutoka ukutani. Si kipimo cha maabara, lakini mara nyingi kinanipa mahali pa kuweka alama ya chaki.

Kisha waya wa springi. Nikaanzia kwenye chemba, kwa sababu ukisukuma uchafu kutoka juu unaushindilia, ukiukwangua kutoka chini unatoka. Waya uliingia mita 3 kama uko kwenye bomba jipya, halafu ukagusa kitu laini. Mafundi wenzangu wanaijua hisia hiyo mkononi: jiwe linagonga, mzizi unavuta, mafuta yanameza. Hapa waya ulimezwa. Mita 7 toa 3 za upande wa chemba, toa 2 za upande wa nyumba, zinabaki 2. Kizibo cha urefu wa mita 2, katikati ya bomba lililonyooka, pasipo elbo wala kiungo chochote.

Tulizungusha na kuvuta kwa karibu saa nzima. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya samli iliyochakaa, kijivu nje na cheupe ndani. Nilikata kipande kwa kisu nikamwonyesha mama kiganjani. Ndani zilionekana tabaka, kama mti uliokatwa: mafuta, machicha ya nazi, mafuta, unga wa vitumbua, mafuta. Safu za nje zilikuwa zimekwisha kuwa ngumu, ukisugua kidole zinatoa ungaunga kama chokaa.

"Haya ni mafuta yangu?"

"Ni mafuta yako mama, lakini yamegeuka sabuni."

Ndivyo inavyokuwa. Nyumba hii hutumia maji ya kisima siku ambazo ya bomba hayatoki, na maji yao ya kisima ni yale ambayo unasugua sabuni hadi uchoke ndipo upate povu. Chokaa iliyomo ikikutana na mafuta yaliyovunjikavunjika hutengeneza sabuni ngumu isiyoyeyuka. Na kostiki ikikutana na mafuta hutengeneza sabuni pia, ndiyo kazi yake. Bomba likiwa na mteremko mzuri, sabuni hiyo hupelekwa na maji. Likiwa na maji yaliyotuama, dawa huzimuliwa, hutoboa kijitundu juu ya mafuta, maji yanapita wiki moja, na iliyobaki inaganda mahali pale pale. Nilimwambia mama kwamba London mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta kizibo cha aina hii cha mita 250, uzito wa tani 130, wakachukua wiki kadhaa kukivunja. Akacheka, akasema basi yeye bado mchanga.

Kipupwe nacho kikapata maelezo yake. Mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai Dar hushuka chini ya 20. Kila mpishi wa pwani ameona dumu la mafuta ya kukaangia asubuhi ya Julai likiwa na wingu jeupe chini. Kaskazi mafuta yale yale hupita bombani yakiwa maji. Ndiyo maana mwaka 2023 sinki lilijiponya joto liliporudi. Lakini kipupwe kipo kila mwaka, na nyumba hii ina zaidi ya miaka kumi. Mama anakaanga sambusa tangu bintiye mkubwa yuko darasa la kwanza, sasa yuko chuo. Kwa nini iwe 2023?

Hapo ndipo mafundi wengi hukunja waya na kuomba malipo. Maji yanaenda, mteja anafurahi, pikipiki iko nje. Nakiri nami nimewahi kufanya hivyo, na nikapigiwa simu baada ya wiki tatu. Kilichonisimamisha ni kule kuziba katikati ya bomba lililonyooka. Mafuta hujikusanya kwenye kona, kwenye kiungo kilichokatwa vibaya, au mahali bomba linapobadilika ukubwa. Hapa hapakuwa na kimojawapo. Nikachukua futi kamba, nikapima ua juu ya njia ya bomba: mita 2 kutoka ukutani, mita 4. Nikataka kuweka alama mbili za chaki kwenye vitofali vya pevingi.

Sikuweza. Alama ya kwanza iliangukia kwenye ukingo wa jukwaa la tofali, na ya pili upande wake wa pili. Juu ya jukwaa lilikaa tenki jeusi la lita 2,000.

"Mama, hili tenki lilikuja lini?"

"Mwaka ule wa mgawo wa maji. Tulipata shida hapa, si unakumbuka?"

Nakumbuka. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua, Dar ikaingia kwenye mgawo, na kila aliyeweza alinunua tenki. Wengi walilipandisha mahali palipokuwa wazi bila kuuliza chini kuna nini. Hili lilipandishwa juu ya tofali zilizopangwa moja kwa moja kwenye mchanga wa kujazia, bila zege la msingi. Likijaa ni tani mbili. Chini yake, kina cha sentimita 20 tu, kuna bomba la plastiki. Bombakoki la tenki linadondosha pale pale, ardhi haikauki. Kipupwe cha kwanza, 2023, bomba lilikuwa limezama kidogo. Kisha zikaja mvua za vuli za 2023, zile za El Niño, na juu yake masika ya 2024 yaliyofurika karibu nchi nzima. Nikaweka pimamaji kwenye ukingo wa jukwaa: limeinama, povu limekimbilia upande mmoja. Jukwaa limezama na bomba limezama nalo.

Kudhani ni jambo moja, kumwambia mama abomoe ua wake ni jingine. Nilikata elbo iliyo chini ya ukuta, ambayo kwa vyovyote ningeibadilisha, dogo akashika tochi ya simu kwenye tundu lile. Mimi nikashuka na kioo cha kunyolea kwenye chemba, nikakigeuza kwenye mdomo wa bomba. Bomba lililonyooka huonyesha mwezi mpevu, duara zima la taa. Nilipata giza, na ndani ya giza mng'ao mwembamba unaochezacheza, kama taa ya mtumbwi ikipiga juu ya maji usiku. Nikamwita mama aje achungulie. Akachungulia kwa heshima, akasema haoni kitu.

"Ndiyo hivyo, ulitakiwa uone."

Hakushawishika, na sikumlaumu. Kuhamisha tenki la lita 2,000 na kufukua ua ni gharama, na mtu anayesema mafuta ya sinki yametokana na tenki anasikika kama mganga. Basi tukafanya jaribio la ndoo, ambalo kila mtu wa nyumbani anaweza kulielewa. Tukafunga tambara kwenye waya, tukalipitisha bombani mara tatu kutoka chemba hadi ukutani, kufuta maji yaliyotuama. Tukaunganisha tena kwa muda pale nilipokata elbo. Nikaweka beseni chini ya mdomo wa bomba ndani ya chemba. Binti akamimina lita 10 zilizopimwa. Tukasubiri dakika tano hadi tone la mwisho. Nikapima yaliyotoka kwa jagi, mbele ya wote: lita 7 na robo tatu.

"Lita mbili na robo ziko wapi, mama?"

"Zimevuja."

Jibu zuri, na ndilo lililokuwa linanisumbua mimi pia, maana bomba lililobonyea huweza kupasuka. Kwa hiyo binti akamimina lita 10 nyingine, safari hii bila kupitisha tambara. Zikatoka 10, pungufu ya kikombe. Bomba linalovuja lingemeza mara zote mbili. Hili lilimeza mara moja, likashiba, likaacha nyingine zipite. Lina tumbo. Maji ya vyombo yenye mafuta yanalala humo usiku kucha, yanapoa, na alfajiri karai linaongeza mengine juu yake.

Mama alitazama tenki muda mrefu. "Mume wangu ndiye aliyechagua pale," akasema, na kwa sauti ile nikajua pesa zitapatikana.

Kazi ilichukua Jumatatu na Jumanne. Tenki lilimwagwa kwa siku moja kwenye mapipa na madumu ya majirani, hakuna aliyeacha yapotee, kisha vijana sita wakalibeba. Vitofali vya pevingi vinang'olewa na kurudishwa bila kuvunja, hiyo ndiyo sifa yake, tukavipanga pembeni kwa safu. Tulipofika kwenye bomba sikuligusa kwanza, nikavuta uzi kutoka ukutani hadi chemba, juu ya mgongo wa bomba. Katikati ya mahali palipokuwa na tenki, kati ya uzi na bomba kulikuwa na nafasi ya sentimita 6 na ushee. Mama alikuja kuuona uzi ule, akaingiza vidole vitatu vyote katikati.

Uzi ulionyesha na kosa la zamani zaidi. Kutoka ukutani hadi kwenye chemba bomba lilishuka sentimita 10 tu kwa mita 7. Mteremko ninaoufuata kwa bomba la jikoni ni moja kwa arobaini, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita, na kwa mita 7 inakuwa 17.5. Aliyejenga alikuwa amebana. Bila tenki lingevumilia, na lilivumilia miaka mingi. Tuliziba tundu la zamani la chemba, tukatoboa jipya sentimita 8 chini yake, bado juu ya mfereji wa kati, na hivyo tukapata mteremko bila kubomoa ukuta.

Bomba jipya la inchi 2 lililazwa juu ya mchanga safi ulioshindiliwa kwa kipande cha ubao, tabaka kwa tabaka. Kokoto na vipande vya tofali nilivitoa vyote kwa mkono, jiwe moja chini ya bomba la plastiki linatosha kuanzisha hadithi upya. Pale chini ya ukuta, badala ya elbo moja kali, niliweka mbili za nyuzi 45 zilizofuatana, maji yageuke taratibu. Karibu yake nikaweka tii yenye kifuniko cha kufungua kwa mkono, kimeishia usawa wa pevingi. Mafundi huliita jicho. Likiziba siku moja, waya unaingilia pale na hakuna atakayehitaji kulala chini ya sinki. Kabla ya kufukia, kioo na tochi tena. Duara zima. Mama safari hii alichungulia bila kuitwa.

Chini ya sinki nilirudisha trapu, ya chupa, ile inayofunguliwa kwa mkono. Nikaweka chujio la stili kwenye tundu la sinki. Na kwa sababu hapa ni jiko la biashara, hata kama liko nyumbani, nikatengeneza mtego wa mafuta kwa ndoo yenye mfuniko: maji yanaingia upande mmoja, bomba la kutokea limeshuka karibu na kitako. Mafuta hupanda juu, mashapo hutulia chini, maji ya katikati ndiyo yanayoondoka. Ndoo inafunguliwa na kuchotwa kila wiki. Mafuta ya karai yenyewe hayatakiwi kuingia hata kwenye ndoo hiyo. Yapoe, yachujwe, yarudi kwenye dumu, na yaliyochoka yafutwe kwa karatasi na kutupwa na taka.

Mama aliuliza kuhusu maji ya moto, maana wengi hushauriwa wachemshe birika na kumimina. Nilimwambia ya kuoga ni sawa, ya kuchemka hapana. Plastiki hii hulegea ikikaribia nyuzi 80, na viungo vilivyogandishwa kwa gundi vinaweza kuchezacheza. Isitoshe birika moja huyeyusha mafuta ya mita ya kwanza, yakaenda kuganda kwenye ya tatu.

Tenki lilihamia upande wa geti, juu ya zege lenye nondo, na mvutano pekee wa siku ile ulikuwa mimi na mume wa mama juu ya unene wa zege hilo. Yeye alitaka sentimita 7, mimi nilitaka 15. Tulikubaliana 12, na ninaandika hapa kwamba sikuridhika.

Septemba nilipita kuangalia. Nilifungua jicho, bomba safi. Tukarudia jaribio la ndoo, binti mwenyewe akamimina na mwenyewe akapima: lita 10 ziliingia, zikatoka 10 kasoro tone. Mende sikumwona. Nilipofunua mtego nikakuta machicha ya nazi, konzi nzima, yamelala chini. Nilimwita mama nikamwonyesha. Akasema hayo ni ya yule binti mgeni aliyeanza kazi Jumatatu. Binti mgeni alikuwa amesimama nyuma yake, akatazama dirishani. Nikachota, nikafunika.